Fundi anataka kunipigia Windows 11 Pro kwenye mashine zote, nimlipe?

Shikamoo mshauri,

Nina stesheni ndogo hapa Morogoro, karibu na kituo cha daladala. Kazi zetu ni zile za kila siku: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, kutengeneza CV, na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo mtandaoni. Nina mashine tatu. Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G3, niliinunua used, ina Windows 10 Pro. Ya pili ni Dell Latitude 7490, nayo ni used. Mwaka jana ilisumbua nikampa kijana mmoja akaipiga Windows upya, na sasa inaandika Windows 10 Enterprise LTSC. Ya tatu ni kompyuta ya mezani ya zamani, Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4. Hiyo bado iko kwenye Windows 7, tunaitumia kuchapa na kuprinti tu.

Shida ilianza HP ilipoanza kuniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Nikamwita fundi wa mtaani kwetu. Akasema mashine zote tatu zinatakiwa ziwe na Windows 11 Pro, maana Home ni ya nyumbani na hairuhusiwi kwenye biashara, tena ni nzito na haikubali kushea printa. Anataka 60,000 kwa kila mashine, ufunguo wa leseni ukiwa humo humo. Nilipomweleza yule kijana wa Dell, akaniambia nisipoteze hela, yeye atanipigia Enterprise ile ile kwenye zote kwa 15,000 moja moja. Anasema haili bando kwa apdeti na ameiwekea dawa, haitadai ufunguo maisha. Mdogo wangu aliyeko Dodoma naye ananishauri niachane na Windows, nihamie Linux, mfumo mwingine wa bure.

Juu ya hayo, binti yangu anaanza chuo, anasoma uhasibu, nataka kumnunulia laptopu mpya. Kuna duka lina laptopu ile ile kwa bei mbili: yenye Windows 11 Home Single Language, na yenye Windows 11 Pro, ambayo imezidi kwa 250,000. Muuzaji anasema mwanachuo lazima awe na Pro.

Hela ninayo ya kuhesabu. Lakini pia sitaki nibane elfu kumi halafu nije kupoteza kubwa. Nishike ushauri wa nani?

Mama wa Stesheni, Morogoro

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa binti.

Naanza na Dell, kwa sababu ndiyo iliyonitia wasiwasi niliposoma barua yako. Kuanzia leo hadi itakapopigwa upya, usiifungulie akaunti ya benki, usiingilie barua pepe yako, na usimjazie mteja fomu yoyote juu yake. Kazi za mtandaoni zihamishie kwenye HP.

Enterprise ni Windows ya halali kabisa, ila Microsoft haiuzi kwa mtu mmoja mmoja dukani. Inatolewa kwa mkataba kwa kampuni na taasisi zenye mashine nyingi. Hiyo LTSC ni tawi lake lililotengenezwa kwa ajili ya vifaa vinavyofanya kazi moja miaka mingi bila kubadilishwa badilishwa, kama mashine za ATM na vifaa vya hospitali. Ndiyo maana kijana wako anaona haiongezewi mambo mapya. Lakini masasisho ya usalama inayapata kila mwezi kama Windows nyingine, na kama yako haiyapati, basi kuna mtu ameyazima.

Sasa hiyo dawa. Kwenye taasisi, mashine za Enterprise huaktivetiwa, yaani huthibitishwa leseni, na seva (kompyuta kuu) ya ndani ya taasisi hiyo. Kila mashine inapewa uhai wa siku 180, na inajihuisha kabla siku hazijaisha. Dawa ya mtaani ni programu inayojifanya kuwa seva hiyo, au inayoidanganya Windows kuhusu tarehe. Ili ifanye hivyo inahitaji mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta, na mara nyingi fundi analazimika kuizima antivirusi kwanza ndipo ikubali kukaa. Fikiria umempa mtu usiyemjua funguo zote za duka na umemfukuza mlinzi. Inawezekana hakuiba kitu, lakini huna njia ya kujua.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Kitatokea kisanduku chenye maelezo ya leseni. Ukikuta neno OEM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani. RETAIL ni leseni iliyonunuliwa peke yake. VOLUME ni ya taasisi, na wewe si taasisi. Rudia tena kwa slmgr /xpr, itakuonyesha mwisho wa leseni. Ukiona tarehe ya Januari 2038, hakuna kampuni duniani inayotoa leseni ya namna hiyo, hiyo ni dawa. Halafu fungua sehemu ya usalama ya Windows, nenda kwenye ulinzi dhidi ya virusi, utafute orodha ya folda ambazo antivirusi imeambiwa isizikague. Kama kuna folda humo ambayo hukuiweka wewe, umeshapata jibu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya kazi unayofanya. Mtu anakuletea namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya simu, wakati mwingine hata nywila ya akaunti yake ya maombi, na vyote vinapita kwenye hiyo Dell. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa mwenye stesheni kama inavyoigusa benki. Lakini hata sheria isingekuwepo, hao ni watoto wa majirani zako, wamekuamini na maisha yao.

Habari njema ni kwamba pengine hudaiwi hata senti ya leseni. Latitude ni laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na nyingi zilitoka kiwandani na Windows Pro. Tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni ya kiwandani unahifadhiwa ndani ya ubao mkuu wa mashine. Ukifuta diski haupotei, na ukimuuzia mtu mwingine unakwenda na mashine. Kwa hiyo Dell ikipigwa Windows 11 kutoka kwenye flashi safi, kisakinishi kinausoma ufunguo ule na kuchagua chenyewe kama ni Home au Pro. Ukishaunganisha intaneti inajiaktiveti bila wewe kuandika herufi moja. Huyo fundi anayetaka 60,000 huenda anakuuzia kitu ambacho tayari kiko mezani kwako.

Kabla ya hapo angalia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta hii, usome jina lake. Ikiwa ni i5-8350U au i5-8250U, tarakimu ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane, na Windows 11 inavikubali vya Intel kuanzia hapo. Baadhi ya Latitude 7490 zilitoka na kizazi cha saba, kama i5-7300U. Ikiwa yako ni hiyo, itabidi uirudishe kwenye Windows 10 Pro safi, na ushauri wa HP hapo chini utaihusu pia.

Mwambie fundi yeyote utakayempa kazi hii mambo mawili tu. Flashi itengenezwe kwa kifaa cha bure kilichoko kwenye tovuti ya Microsoft (flashi ya GB 8 inatosha), tena itengenezwe kwenye mashine safi. Na diski ifutwe yote, sehemu zake zote, isiwe kupiga juu ya ile ya zamani. Nyaraka zako zikopi kwanza kwenye flashi nyingine: Word, Excel, PDF na picha. Programu usikopi hata moja. Mlipe hela ya kazi yake, maana amekaa na mashine yako saa nzima au zaidi na ni haki yake. Hela ya ufunguo usitoe mpaka sehemu ya leseni kwenye mipangilio iseme kwamba haijaaktivetiwa. Na ukilazimika kununua siku moja, kumbuka kwamba Windows 11 Pro huko Marekani Microsoft wenyewe wanaiuza dola 199.99, na Home dola 139. Anayekupa Pro halali kwa 60,000 pamoja na ufundi, ajieleze ameipata wapi. Funguo za dola chache zinazozunguka mtandaoni mara nyingi ni za taasisi, zimegawiwa kwa watu mia, na Microsoft wakizifunga unarudi ulipoanzia.

Mashine ikishakuwa mpya, badilisha nywila ya barua pepe yako na ya benki. Usisubiri hata jioni.

Nije kwenye hoja za fundi wako wa Pro, maana zinarudiwa sana mitaani. Home na Pro ni mfumo ule ule. Kasi ni ile ile, uzito ni ule ule, zinapata masasisho ya usalama siku moja. Home inashea printa kwenye mtandao wa duka bila tatizo. Na kwamba hairuhusiwi kwenye biashara si kweli kwa Windows. Nadhani watu wamechanganya na Office, kwa sababu kulikuwa na Office Home and Student ambayo masharti yake yalikataza kuitumia kibiashara. Pro inaongeza vitu vya ofisi kubwa: kuiunganisha mashine na seva ya kampuni, kuweka sera za pamoja kwa watumiaji wengi, kuifungulia kompyuta yako kutoka mbali kwa kutumia kifaa cha Windows yenyewe, BitLocker kamili ya kuifunga diski isisomwe na mwizi, na Hyper-V ya kuendesha mfumo ndani ya mfumo. Stesheni yenye mashine tatu haikosi usingizi kwa hayo. Ukitaka kuiona kompyuta ya duka ukiwa nyumbani, programu ya AnyDesk inafanya kazi kwenye Home. Kwa hiyo kama Dell ikijichagulia Pro, shukuru uipokee. Ikijichagulia Home, usiongeze hela.

HP yako ni kesi ya kusikitisha kidogo, kwa sababu ni mashine imara. 840 G3 ina prosesa za kizazi cha sita, hivyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Fundi anaweza kuilazimisha, njia zipo, lakini Microsoft hawatoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na wewe ndiye utakayebaki na mashine isiyosasishwa mwezi ambao yeye hapokei simu. Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo Microsoft waliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida, unaoleta masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kujiunga ni dola 30, au bure ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mashine iwe kwenye Windows 10 toleo la 22H2, na uwe umeingia kwa akaunti ya msimamizi. Nenda kwenye ukurasa wa masasisho, utaona sehemu ya kujiandikisha. Chukua ile ya bure. Hiyo inakupa muda wa kuweka elfu tano tano za kutafuta mashine ya kizazi cha nane kwenda juu, na HP ukaihamishia kwenye njia ya mdogo wako wa Dodoma.

Maana mdogo wako naye ana hoja, ila si kwa mashine zote. Ile ya mezani ndiyo inayofaa. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo hiyo kompyuta imekaa miaka wazi, na kila flashi ya mteja inayochomekwa pale ni mlango. Windows 11 haiwezekani hapo hata kwa kulazimisha: kuanzia toleo la 24H2, mfumo unahitaji amri fulani za prosesa ambazo Core 2 Duo hazina, hauwaki kabisa. Fundi aliyekuahidi Windows 11 Pro kwenye hiyo mashine hakuiangalia.

Kwa hiyo iwekee Linux Mint. Nayo ina sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Chukua Xfce, ndiyo nyepesi kuliko zote, na RAM ya GB 4 inaitosha. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029, bila ufunguo na bila malipo. Uzuri wake ni kwamba inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo kabla ya kufuta chochote ijaribu siku nzima. Chomeka printa yako, printi ukurasa, skani cheti kimoja. Hapo ndipo Linux inapokwama ikikwama: printa nyingi za HP hukubali mara moja, Epson za wino wa matangi nazo kwa kawaida zina madereva (programu za kuiendesha printa), lakini baadhi ya Canon husumbua sana. Ikikataa kuprinti kwenye flashi, kuna uwezekano mkubwa itakataa hata ikishasakinishwa, na utakuwa umejua bila kupoteza kitu.

Ndani yake kuna LibreOffice, inafungua faili za Word. Kwa barua na matangazo haina neno. Lakini CV ambayo mteja aliitengeneza kwenye Word, yenye majedwali na visanduku, inaweza kusogea mistari, na mtu anayekimbilia usaili hatakuelewa. Hizo zimalizie kwenye Dell, uzigeuze PDF, ndipo uziprinti kwenye ya mezani. Ukipata hela kidogo, ibadilishie diski uweke SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Utaiona inavyowaka, hakuna aina ya Windows inayoweza kukupa kasi hiyo.

Kuhusu bando, naelewa kwa nini maneno ya yule kijana yalikuvutia. Masasisho ni mazito kweli. Badala ya kuyazima, fungua mipangilio ya Wi-Fi unayotumia, uitambulishe kama intaneti yenye kikomo. Windows itaacha kuvuta mizigo mikubwa bila kukuuliza. Home pia inakuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki tano, kisha unachagua siku ambayo una bando la usiku au uko mahali penye Wi-Fi.

Binti sasa. Mnunulie yenye Home Single Language. Hiyo ni Home ya kawaida, isipokuwa haibadilishwi lugha ya mfumo kwa urahisi kama Home nyingine, na mwanafunzi wa uhasibu atakayefanya kazi zake zote kwa Kiingereza hatapungukiwa. Laki mbili na nusu iliyobaki iwe ya mashine yenyewe. Kama inayouzwa ina RAM ya GB 8, uliza ya GB 16, au SSD ya GB 512 badala ya 256. Excel yenye mistari elfu nyingi inataka RAM, haijali kama ni Pro. Na kama chuo kitamdai Pro huko mbele, jambo ambalo sioni likitokea kwa uhasibu, unaweza kupanda kutoka Home kwenda Pro kwa kulipia tu, bila kufuta kitu. Kushuka kutoka Pro kurudi Home ndiko kunakodai kupiga upya.

Ukiwa dukani, waambie waiwashe mbele yako. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta hii, usome aina ya Windows. Ukikuta S kwenye jina, maana yake inakubali programu za duka la Microsoft peke yake. Kutoka humo ni bure, ila ukishatoka hurudi. Ukikuta N, hiyo ilikusudiwa soko la Ulaya na haina vifaa vya kuchezea video na muziki, ingawa navyo unavipakua bure. Ukikuta Enterprise kwenye laptopu inayoitwa mpya, rudisha hela mfukoni. Angalia prosesa pia: kuna laptopu mpya zinazotumia Snapdragon, ni nzuri na zinakaa na chaji, lakini baadhi ya programu za zamani za uhasibu na madereva ya printa hazikubali humo. Kwa binti yako chukua Intel au AMD.

Siku ya kwanza itamtaka afungue akaunti ya Microsoft, na mashine za sasa mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji zenyewe bila kuuliza. Ni kinga nzuri laptopu ikiibiwa hosteli. Lakini ikitokea fundi amegusa mipangilio ya ndani au amebadilisha ubao, itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na bila huo kazi zake zote zimekwenda. Ufunguo unakaa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Mwambie auandike kwenye karatasi kabla hajaondoka, na nakala moja ikae kwako Morogoro.